Mwaka wa Kupima Wanga

Mwezi uliopita tulikutana Mikumi, wazee wachache tuliosoma pamoja Kilosa, kwenye mgahawa mmoja wa kando ya barabara kuu, pale mabasi yanaposimama ili abiria wajinyooshe miguu. Nasema wazee, ingawa kwenye kundi letu la simu bado tunajiita vijana wa Mwalimu Benedikto. Mwalimu mwenyewe alikuwepo. Mwanawe alimleta kwa gari, akamshusha taratibu, akamketisha na kumwekea mto mgongoni, na sisi wenye wajukuu na magoti mabovu tukapanga mstari kumwamkia, mmoja baada ya mwingine, utadhani tumechelewa kipindi. Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mwalimu. Akaitikia marahaba zote bila kuruka hata moja. Mhudumu, binti mwenye haraka zake, akaleta ugali wa moto na kuku wa kienyeji, akamsogezea Mwalimu kwanza kwa heshima ya umri. Mwalimu akausukuma ule ugali mbele kwa kidole. "Hapana, mwanangu," akasema. "Nina kisukari. Daktari amenikataza wanga."

Nadhani aliyeanza kucheka ni Mwajuma, maana ndiye aliyepaliwa na soda. Kisha meza nzima ikaangua kicheko, watu wazima wakapigana mabega, mmoja akalazimika kutoka nje. Mwalimu alivua miwani na kujifuta machozi kwa leso. "Miaka yote hii nimewatetea," akasema, "na leo ndio wanaoniua!" Tukacheka upya. Yule binti akabaki na sinia mkononi, hajui anachekwa yeye au chakula chake. Nikamwambia, "Kaa hapa mama, nikusimulie." Akasema ana wateja. Haya, basi nawasimulia ninyi.

Nilikotoka, nani aliuza nini ili nikasome, na kwa nini msichana wa Mikumi alipelekwa shule Kilosa, hayo nayaruka. Kila mtu wa rika langu ana hadithi hiyo na zote zinafanana. Nianzie chumbani. Mwaka ule nilikuwa kidato cha pili na nilikaa kwa Bibi Zena, mjane wa mfanyakazi wa reli, katika nyumba ya udongo iliyopigwa lipu upande mmoja tu, ule unaoonekana barabarani. Chumbani nililala na mjukuu wake, huyo huyo Mwajuma, tuliyekuwa naye darasa moja. Tulikuwa na kitanda kimoja cha kamba kilichobonyea katikati, kwa hiyo hata tukilala tumenuniana, kulipokucha tulijikuta tumegandana. Kuta za ndani hazikufika juu. Ziliishia njiani, na juu yake kulikuwa na uwazi mpaka kwenye bati, kiasi kwamba mtu akipiga chafya sebuleni tulimwambia afya tukiwa kitandani. Yote niliyoyajua kuhusu watu wazima nikiwa na umri ule niliyasikia kupitia uwazi ule.

Bibi Zena aliishi kwa vitumbua na uji. Alfajiri, kabla ya adhana, tulisikia mwiko unagonga sufuria, halafu harufu ya iliki inapanda juu ya ukuta na kutuangukia usoni. Wateja walipanga foleni barazani: wabeba mizigo wa stesheni, wanafunzi, mama wanaokwenda mashambani upande wa Mvumi na majembe yao begani. Bibi alikuwa na elimu yake kuhusu chakula na hakupenda kubishiwa. Uji, alisema, hushuka miguuni, ndiyo maana mbeba mizigo akiukosa anayumba. Vitumbua hukaa kifuani na kumpa mtu moyo. Wali ni wa kulalia tu, ndiyo maana harusini watu husinzia kwenye hotuba. Jioni tulikula ugali wa dona kwa mlenda, tumekaa kwenye mkeka uani, naye akitutazama tunavyofyeka lile rundo alikuwa akiuliza, "Mnakula hivi, jembe hamshiki, kuni hamkati. Hizo nguvu zote mnazipeleka wapi?" Nilimnyooshea Mwajuma kidole. "Zake zinaishia mdomoni, Bibi." Bibi alicheka mpaka tonge likamdondoka. Na sikumsingizia mwenzangu. Alikuwa na mdomo, yule, mpaka leo anao.

Mwalimu Benedikto alikuwa kijana wakati huo, mwembamba, mwenye tai moja ya rangi ya kunde na baiskeli aliyoifuta kila jioni. Alitufundisha elimu ya viumbe. Kanuni ilisema afundishe kwa Kiingereza, na alianza hivyo kila kipindi kwa nia njema kabisa, lakini akishatazama macho yetu aliweka chaki chini, akavuta pumzi na kuanza upya kwa Kiswahili. "Sikilizeni. Jua linatoa mwanga. Mwanga unaingia kwenye jani. Jani linavuta maji kutoka chini, linavuta hewa kutoka juu, linapika. Jiko lake ni nini? Ni huo mwanga. Linapika nini? Linapika wanga! Wewe unakuja unakula ule wanga, mwili wako unauchoma polepole, bila moto wala moshi, unapata joto, unapata nguvu za kukimbia, za kufikiri, na wewe Mwajuma, za kupiga kelele nyuma huko." Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alituambia kwamba sisi wote tuliomo humu, na ng'ombe aliye nje, na simba wa kule Mikumi anayemla pundamilia anayekula majani, tunaendeshwa na jua. Nilitazama mkono wangu juu ya dawati. Kusema kweli nilishikwa na furaha ambayo sikujua niifanye nini, maana hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nina uhusiano na jua.

Kisha akatuonyesha. Alichukua majani ya ua lililokuwa mbele ya ofisi ya mkuu wa shule, mengine akiwa ameyafunika tangu majuzi kwa karatasi za fedha za pakiti za sigara, akayachemsha kwenye spiriti mpaka yakapauka, halafu akayadondoshea iodini, ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda. Jani lililopata jua likageuka bluu iliyoiva hadi nyeusi. Lililofunikwa likabaki hudhurungi. "Mnaona? Palipoingia mwanga, wanga umeonekana. Palipokuwa na giza, hakuna." Halafu akagawa iodini kwenye vichupa vya dawa ya macho, kimoja kwa watu wawili, akatupa kazi ya nyumbani: kila mmoja akapime chakula cha kwao, alete majibu. Ndio tukaenda nyumbani na vichupa vyetu, watoto wa watu, tumefurahi.

Sasa hapa ni lazima nieleze jambo ambalo kila Mswahili analijua lakini hakuna mwandishi wa kitabu cha sayansi aliyelijali. Wanga wa Mwalimu ni ule wa ugali na viazi. Huo tunasema umeonekana, umejaa, umeisha. Wanga wa mtaani ni watu, wale wanaotembelea nyumba za wenzao usiku bila nguo na bila kupiga hodi. Hao tunasema wameonekana, wamejaa, na Mungu atuepushe nao. Mmoja wao huitwa mwanga. Kwa hiyo mtu asiyekuwa darasani akisikia kwamba mwanga ameingia ndani na kupika wanga, anaelewa vizuri sana, na anafunga mlango. Tofauti yote imo kwenye kiambishi, u au wa. Na Mwajuma, kwa haraka ya ule mdomo, viambishi alivitumia vyovyote vilivyomjia.

Tulipima kila kitu jikoni kwa Bibi: ugali, uji, vitumbua, viazi, hata vumbi la kinu. Vyote vikawa vyeusi. Kesho yake tulikwenda bombani na ndoo, na pale foleni alikuwepo Mama Chausiku, jirani yetu wa nyumba ya tatu, muuza maziwa. Maziwa aliyanunua kwa wafugaji wa upande wa Ulaya, kata ile tunayopita tukija Mikumi, naye alikuwa akiyatangaza kwa sauti nyembamba, "Maziwa ya Ulaya! Maziwa ya Ulaya!" mpaka mgeni mmoja aliyeshuka treni akamuuliza yamekuja kwa ndege gani. Siku ile alikuwa akijaza maji kwenye madumu yake ya maziwa, akasema anayasuuza. Akamuuliza Mwajuma habari za shule. Mwajuma akaweka ndoo chini. "Weee, Mama Chausiku, acha tu! Tumepewa dawa ya kupima. Jana tumepima nyumbani kwa Bibi. Wanga wamejaa! Wamo kwenye uji, wamo kwenye vitumbua, kila mahali wamo!" Alisema kwa fahari, kama mtu aliyeongoza mtihani. Foleni nzima ikageuka kututazama. Mama Chausiku akafunga dumu lake, akauliza polepole, "Kwenye vitumbua?" Mwajuma akajibu, "Hasa kwenye vitumbua."

Kesho yake alfajiri mwiko uligonga sufuria kama kawaida, iliki ikapanda ukutani kama kawaida, na hakuna aliyekuja. Bibi alikaa barazani na vitumbua vyake mpaka vikapoa. Wabeba mizigo walipita upande wa pili wa barabara, wakamwamkia kwa mbali, wakaongeza mwendo. Siku ya pili hivyo hivyo. Tulikula vitumbua asubuhi, mchana na jioni, na Bibi akasema labda watu wameishiwa tu, mwisho wa mwezi huo. Shuleni nako mambo yalichangamka. Mwanaume mmoja alikuja na baiskeli, amempakia mama mkwe wake nyuma, akamwomba Mwalimu Benedikto amdondoshee bibi yule ile dawa yake ili ukweli ujulikane. Mwalimu alidhani ana kidonda. Alimpaka iodini kwenye goti, goti likabaki la kahawia, na jamaa akaondoka amekasirika kwa sababu mama mkwe ametoka safi. Tulicheka wiki nzima. Hatukujua bado kicheko kile kinaelekea wapi.

Tulijua siku Mwenyekiti wa mtaa alipokuja. Ilikuwa jioni, tulikuwa chumbani tumelala kifudifudi na madaftari yetu, na maneno yakaanza kuruka ukuta. Mwenyekiti alikuja na wazee wawili, na nawaambieni, hapa kwetu hata anayekuja kukuambia kwamba wewe ni mchawi lazima kwanza akupe shikamoo.

"Shikamoo, Bi Zena."

"Marahaba, Mwenyekiti. Karibuni mkae. Mbona mmekuja wengi, kuna msiba?"

"Hapana, bibi yangu. Ni maneno ya watu tu." Kiti kikalia. "Watu wanasema nyumba hii imepimwa. Na aliyepima si jirani wala adui. Ni mjukuu wa damu yako."

"Amepima nini?"

Mwenyekiti akakohoa. "Wanga."

Mwajuma alinishika mkono, kucha zikaniingia. Upande wa pili Bibi akauliza kwa upole kabisa, kama anaulizia bei ya chumvi, "Wakapatikana?"

"Wanasema wamejaa." Halafu akaongea haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza. Jumamosi asubuhi kuna gari linakwenda kwa mganga, watu kadhaa watapelekwa kunyolewa. Bibi akienda kwa hiari, hakuna atakayesema neno, atarudi na mambo yataisha. Asipokwenda, yeye Mwenyekiti hataweza kuwazuia vijana. Bibi akasema tu, "Kwa hiyo mnataka nywele zangu."

Msomaji wa mbali aelewe. Kwetu mtu akishukiwa uchawi, dawa yake ni kunyolewa. Anapelekwa kwa mganga, ananyolewa kichwa kizima mbele ya watu, ananyweshwa vitu, anarudishwa mtaani akiwa eti ametakaswa. Lakini kile kichwa kinang'aa mtaani miezi na miezi, na hata nywele zikirudi, watoto wa watoto wake wataambiwa bibi yenu alinyolewa. Vitumbua vyake havitaliwa tena. Na Bibi Zena alikuwa na nywele. Zilikuwa nyingi, ndefu, amezitia hina, naye nje hakuzionyesha kwa mtu; Alhamisi jioni tu, geti la uani likishafungwa, alivua ushungi Mwajuma amchane na kumpaka mafuta, akituambia, "Babu yenu aliniambia kwa uso wangu asingenioa. Alikuja akabahatika kuziona hizi, posa ikaletwa kesho yake." Nyumba ilikuwa mbovu, mguu ulikuwa mbovu, lakini nywele alikuwa nazo. Nililia palepale juu ya daftari la jiografia.

Wageni walipoondoka Bibi alituita. Hakumpiga Mwajuma, na hilo lilikuwa baya kuliko kumpiga. "Ulipima nini kwenye vitumbua vyangu?" Mwajuma akaeleza kwa kwikwi kwamba ni wanga wa chakula, Bibi, ule wa kutia nguvu, mwanga unaingia kwenye jani. Bibi akainua mkono. "Basi, basi, mwanga usiniingizie tena humu ndani." Akatutazama wote wawili. "Hao wasomi wenu, dunia nzima ina maneno, walikosa jina jingine?" Mpaka leo swali hilo sina jibu lake.

Tulikimbia kwa Mwalimu Benedikto. Mwanzoni alicheka, tai ikamrukia begani, halafu akaona nyuso zetu akaacha. Akavaa viatu, akaenda kwa Mwenyekiti, nasi nyuma yake. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumtetea mwenzake vibaya kiasi kile. Watu walikuwa wamejaa barazani kwa Mwenyekiti, naye Mwalimu, badala ya kukaa na kuongea taratibu, akasimama kwenye ngazi akahutubia. "Ndugu zangu, msiogope wanga! Mimi mwenyewe nina wanga! Kila asubuhi nakula wanga, na mchana nakula tena! Bila wanga nisingeweza kupanda baiskeli!" Watu wakarudi nyuma hatua. Mama mmoja akamfunika mwanawe kwa khanga. Nilimsikia Mama Chausiku akisema nyuma yangu, "Toba! Anawala wenzake!" Mwalimu akaona mambo yameharibika, jasho likamtoka, akasema Jumamosi kabla gari halijaondoka kila nyumba ilete chakula chake ofisi ya mtaa, yeye atapima hadharani. Mwenyekiti akakubali. Nadhani naye alitaka kujua kwake kukoje.

Jumamosi ilifika. Gari, pikapu chakavu, lilikuwa limeegeshwa mbele ya ofisi, dereva ameweka miguu dirishani anasubiri abiria. Uwanja ulijaa watu na masufuria. Bibi Zena alikuja na sahani ya vitumbua imefunikwa kawa, amevaa ushungi wake mweusi ameukaza mpaka kwenye nyusi, akaketi kwenye kiti alichopewa na kutazama mbele. Hakuna aliyekaa karibu naye isipokuwa sisi. Mwalimu akaweka meza, akavaa tai yake, akainua kichupa. Akaanza na kitumbua cha Bibi. Tone. Cheusi. Uwanja ukanguruma. Kijana mmoja akaenda kufungua mlango wa nyuma wa pikapu. Mwalimu akapaza sauti, "Bado! Mwenyekiti, chakula chako!" Mwenyekiti akaleta ugali wake uliobaki jana. Tone. Mweusi tii. Mwenyekiti akavua kofia. Viazi vya imamu, vyeusi. Mihogo ya katekista, myeusi. Wali, ndizi, chapati, kila sufuria lililosogezwa liligeuka, na kila lilipogeuka mwenye nalo alirudi nyuma akitazama mikono yake. "Mtaa mzima!" mtu akapiga yowe. "Tumekwisha, mtaa mzima wanga!" Dereva wa pikapu akatoa miguu dirishani, akatutazama tulivyo wengi, akasema gari lake halichukui watu wote hao.

Mtu mmoja akacheka. Halafu mwingine. Mwalimu hakungoja, akadondoshea yai, likabaki la kahawia. Akadondoshea kipande cha nyama na samaki mkavu, hivyo hivyo. "Huu ni wanga wa chakula! Uko kwenye nafaka, uko kwenye mihogo, umepikwa na jua. Kwenye nyama haumo. Kwenye yai haumo." Safari hii, nawaombea dua waliomfundisha sarufi, alizitamka zile u moja moja kama anahesabia watoto. Nikaona watu wanaanza kuelewa. Mama mmoja wa foleni ya bombani aliniangalia akaziba mdomo kwa aibu. Hapo ndipo Mama Chausiku alipojipenyeza mbele na dumu lake. Huyu hakuwa ameelewa hata chembe. Aliona kuna nyumba zenye wanga na nyumba safi, na yeye alitaka kuwa safi mbele za watu. "Pima ya kwangu!" akasema. "Kwangu hamna uchafu huo. Mimi nakula na kuuza maziwa ya Ulaya matupu!" Akajimiminia mwenyewe kwenye bakuli. Mwalimu akadondosha tone.

Maziwa yakageuka bluu, yakageuka meusi.

Mwalimu alilitazama lile bakuli kwa muda mrefu, nadhani alikuwa amesahau kwamba kuna watu. "Ajabu," akasema. "Ng'ombe anakula majani, wanga wote unaishia tumboni mwake. Haufiki kwenye chuchu. Maziwa hayana wanga. Huu umetoka wapi?" Halafu mama mmoja aliyekuwa mbele akasema polepole, kama anaongea peke yake, "Unga. Ametia unga." Na mwingine nyuma, kwa sauti ya mtu aliyeteseka siku nyingi, "Ndiyo maana chai yangu inaganda!" Loh, uwanja ulilipuka. Watu walishikana wasianguke. Mwenyekiti alicheka na kofia mdomoni. Maji, unga kidogo ili yasionekane mepesi, na safari ya kwenda Ulaya na kurudi. Yote yalitoka pale hadharani kwa tone moja la dawa ya vidonda.

Lakini kicheko cha watu wengi kinageuka haraka, na nilikiona kikigeuka. Kijana yule aliyefungua mlango wa pikapu akapiga kelele, "Huyu ndiye mchawi! Alimchongea bibi wa watu! Apandishwe yeye, anyolewe!" Wengine wakaitikia. Mama Chausiku alishikwa mkono, na uso wake ukawa wa mtu mwingine kabisa, mdogo, wa kuogopa. Nami, nisijifanye mwema, nilifurahi. Nilisema moyoni, mpandisheni. Bibi Zena ndiye aliyesimama. Mguu wake ulikuwa mbovu lakini alifika pale kabla ya yeyote kati yetu, akampiga yule kijana kwenye kifundo cha mkono kwa kawa lake. "Mwache!" Sijawahi kumsikia na sauti ile. "Huyu si mchawi, ni mwizi wa maziwa, na nyie mlikuwa mnayanywa. Hanyolewi mtu hapa. Leo hanyolewi mtu yeyote, mmenisikia?" Kijana akarudi nyuma. "Samahani, Bibi. Shikamoo." "Marahaba. Nenda kwenu." Halafu akamgeukia Mama Chausiku aliyekuwa ameshika dumu lake, anataka kuyamwaga maziwa. "Usimwage, bwana we. Yana unga tayari. Lete hapa niyapikie uji." Na kweli aliyapika, palepale nyuma ya ofisi, kwenye jiko la mlinzi, akatugawia wote. Mwenyekiti alikunywa vikombe viwili. Mama Chausiku alikunywa chake ameinama, machozi yanadondokea humo humo, na Bibi akamwongezea sukari.

Siku hizi, watu wakiniuliza kwa nini nilikuja kuwa mwalimu wa sayansi, huwa nasema ni kwa sababu ya lile jani. Ni kweli, lakini si kweli yote. Tulirudi nyumbani mchana ule tukiimba. Mwajuma alikuwa tayari anasimulia upya mambo tuliyoyaona wote, na ameongeza vitu. Tulifika, Bibi akafunga geti la uani, akakaa kwenye mkeka, akafungua ushungi.

Kichwa kilikuwa kitupu. Kimenyolewa chote, vibaya, kwa mistari, na juu ya sikio kulikuwa na mkato uliokauka damu. Mwajuma alikatika katikati ya neno. Sikumbuki mimi nilifanya nini. Bibi akajishika kichwa kwa viganja viwili, kama anapima tikiti, akatuambia kwamba amejinyoa mwenyewe, alfajiri, tukiwa tumelala. "Niliona wakinishinda watanipandisha lile gari, na huko kuna watu wa kutazama. Nikasema, hapana. Wakinifungua ushungi wasikute kitu." Akajipapasa tena. "Kumbe ningesubiri tu saa chache." Akaanza kucheka, kweli kweli, mabega yakitikisika, na sisi tukawa tunalia, halafu tukawa tunacheka naye, sijui lini tulibadilisha.

Akaniita nikae karibu, akaniwekea kopo la mafuta ya nazi mkononi. Nilimpaka taratibu, nikikwepa ule mkato. Ngozi yake ilikuwa ya moto chini ya kiganja changu.

"Haya, wewe unayesoma," akasema, "niambie ukweli. Kina umbo?"

Nikamwambia, "Kina umbo zuri sana, Bibi." Na kweli kilikuwa nalo.